Taxco: Mji wa mlimani unaolishwa na mikono ya masonara

Julai 2007 wachimbaji wa mgodi mkubwa wa Taxco, nchini Mexico, waliweka zana chini na kugoma. Miaka ikapita bila mwafaka, na mashimo yaliyoutajirisha mji huo tangu karne ya 16 yakakaa kimya. Mji mwingine wa madini ungeanza kufa taratibu: maduka yangefungwa, vijana wangeondoka, nyumba zingeachiwa popo. Taxco haukufa. Fika siku yoyote ya Jumamosi, kabla jua halijapanda, utakuta vichochoro vya karibu na kituo cha mabasi vimefunikwa vibanda vya soko la mapambo ya fedha. Bangili, hereni, mikufu na pete zimetandazwa juu ya vitambaa vyeusi, na wanunuzi waliosafiri usiku kucha kutoka miji mingine wanachagua mzigo kwa kilo.

Hicho ndicho kilichonivuta Taxco kuliko picha za kadi za posta. Miji mizuri iliyojengwa enzi za Wahispania ipo mingi Mexico, na kila mmoja una kanisa lake na uwanja wake wenye miti. Nilitaka kujua mji unawezaje kuendelea kuitwa mji wa fedha wakati hauchimbi tena.

Taxco uko jimbo la Guerrero, kilomita zipatazo 170 kusini-magharibi mwa Jiji la Mexico. Basi huondoka kituo cha kusini cha jiji, hupita Cuernavaca, na baada ya saa mbili na nusu au tatu huanza kuzunguka milima. Mji wenyewe, wenye wakazi wapatao 50,000, umejibandika kwenye mteremko ulio karibu mita 1,780 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mahali pa tambarare pa kutosha kiwanja cha mpira. Paa la jirani wa chini liko usawa wa kizingiti chako, na kwenda sokoni ni kushuka ngazi ambazo lazima uzipande tena na kikapu kikiwa kimejaa.

Nyumba zote ni nyeupe, mapaa ni ya vigae vyekundu, na hilo halikutokea kwa bahati. Sheria inauhifadhi mji na inadhibiti namna ya kujenga katikati yake, hata mabango ya maduka. Barabara zimesakafiwa kwa mawe ya mtoni, meusi kwa meupe, na mahali pengine mawe meupe yamepangwa kuchora mstari wa katikati ya njia, maua au wanyama. Ni nyembamba kiasi kwamba gari likija, mtembea kwa miguu hujibana ukutani, tumbo ndani.

Magari yenyewe mengi ni teksi nyeupe za Volkswagen, zile za kizamani zenye mgongo wa duara, ambazo Wamexico huziita vocho. Kiwanda cha Puebla kilitoa gari la mwisho la aina hiyo Julai 2003, lakini Taxco bado yanapanda na kushuka kutwa. Kuna sababu ya kiufundi. Injini iko nyuma, uzito wake unakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, kwa hiyo linashika mawe vizuri linapopanda. Ni jembamba pia, na linakata kona ambazo gari la kisasa lingelazimika kurudi nyuma mara kadhaa. Ukiwa umekaa ndani, dereva akiingia kona ya ghafla bila kupunguza mwendo huku akimpungia mkono mama aliye dirishani, unaelewa kwa nini hawataki kuyaacha.

Barabara zote za katikati mwishowe hukufikisha mahali pamoja, uwanja wa Borda, na mbele yake kanisa la Santa Prisca.

Nimeona makanisa mengi. Hili lilinisimamisha. Minara yake miwili imejengwa kwa mawe yenye rangi ya waridi, chini ni mikavu na ya kawaida, juu inaanza kuchanua nakshi kana kwamba fundi alikuwa akipandwa na hamasa kadiri alivyopanda. Nyuma yake liko kuba lililofunikwa vigae vya rangi. Juu ya mlango kuna mchongo wa umbo la yai unaoonyesha ubatizo wa Yesu. Ndani kuna madhabahu tisa za mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu kutoka sakafuni hadi karibu na dari: malaika, watakatifu, majani, nguzo zinazopungua na kuvimba, hakuna mahali palipoachwa patupu. Mchana mwanga ukiingia kutoka madirisha ya juu, dhahabu hiyo hubadilika rangi polepole. Michoro mikubwa ni ya Miguel Cabrera, mchoraji aliyetafutwa kuliko wote katika koloni la Wahispania la Mexico katikati ya karne ya 18.

Aliyelipa gharama zote ni mtu mmoja, José de la Borda. Alifika Mexico mwaka 1716 akiwa kijana, akamfuata kaka yake aliyekuwa tayari anachimba madini Taxco. Alipata mwamba wenye fedha nyingi, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa koloni. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1751 na kukamilika mwaka 1758, muda mfupi wa kushangaza kwa kazi ya aina hiyo, na ndiyo maana lina umoja ambao makanisa yaliyojengwa kwa karne mbili hayana. Borda alitaka uhuru wa kujenga apendavyo, na mwanawe Manuel, aliyekuwa padri, akahudumu humo. Wenyeji wana msemo kwamba Mungu humpa Borda, na Borda humpa Mungu. Msemo huo hausemi kwamba baadaye migodi yake ilidorora, akaingia madeni hadi akaomba ruhusa ya kuuza chombo cha dhahabu alichokuwa amelizawadia kanisa. Akaenda Zacatecas, kaskazini, akaanza upya, akatajirika tena. Alifariki mwaka 1778 huko Cuernavaca.

Simulizi hilo utalisikia kwa kila anayekutembeza. Ambalo hutalisikia kwa urahisi ni la waliochimba.

Kabla ya Wahispania eneo hili lilikuwa la watu waliozungumza Kinahuatl, na liliitwa Tlachco. Makazi yao ya awali yalikuwa kilomita chache kutoka hapa, mahali panapoitwa leo Taxco el Viejo. Askari wa jemadari wa Kihispania Hernán Cortés walikuja kwanza kutafuta bati, kwa sababu walihitaji shaba nyeusi ya kutengenezea mizinga. Wakakuta fedha. Kuanzia hapo watu wa vijiji vya jirani walilazimishwa kwa zamu kwenda migodini, na katika karne hiyohiyo ya 16 wakaletwa Waafrika waliofanywa watumwa. Magonjwa kutoka Ulaya yaliua wenyeji kwa wingi, pengo likazidi kuzibwa na watumwa.

Kazi ilikuwa ya kutisha. Mawe yalibebwa mgongoni kwa ngazi za magogo yaliyokatwa vidato. Kuanzia miaka ya 1550, baada ya Mhispania Bartolomé de Medina kuonyesha njia mpya ya kutoa fedha kule kwenye migodi ya Pachuca, mawe yalisagwa yakawa tope, yakachanganywa na chumvi na zebaki, kisha nyumbu na watu wakayakanyaga kwa wiki kadhaa hadi zebaki iinase fedha. Mwisho zebaki ilichomwa ipae. Aliyekuwa karibu na moto aliivuta. Meno yalilegea, mikono ikatetemeka, na hakuna kitabu cha hesabu cha mwenye mgodi kilichoandika hasara hiyo.

Hapo historia ya Taxco inatugusa na sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi, na si kwa kupapasa. Fedha ya Mexico ilipigwa chapa kuwa sarafu, ikashushwa bandari ya Acapulco, ikapakiwa kwenye merikebu za kwenda Manila, Ufilipino, na kusambaa Asia nzima. Sarafu hizo za Kihispania zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa bahari yetu kwa miaka mingi, zikapokewa katika bandari za Waswahili. Merikebu zilizorudi Acapulco zilileta hariri na vyombo vya kaure vya China, na zilileta pia watumwa. Miongoni mwao walikuwamo watu wa Afrika Mashariki ambao Wareno waliwachukua upande wa Msumbiji, wakawapitisha Goa na Manila. Barabara ya kutoka Acapulco kwenda mji mkuu ilipanda milima hii. Nilipotembea juu ya mawe yale niliwafikiria hao waliovuka bahari mbili, na sikuona ubao wowote ukutani wenye kuwataja.

Jimbo lenyewe, hata hivyo, linabeba jina la mtu mwenye damu yao. Vicente Guerrero alizaliwa Tixtla, katika milima ya jimbo hili, mwaka 1782, katika ukoo wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji. Alikuwa mwendesha nyumbu kabla ya kuwa jemadari wa vita vya uhuru. Mwaka 1829 akawa rais wa Mexico, na Septemba mwaka huohuo akatangaza kufutwa kwa utumwa. Alipinduliwa, akauawa kwa risasi mwaka 1831. Watu wenye asili ya Afrika bado wapo, hasa katika ukanda wa pwani wa Costa Chica, na ilibidi kungoja hadi mwaka 2019 katiba ya nchi iwatambue kwa jina.

Mwaka 1803 mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt, akitoka Acapulco, alilala Taxco usiku mmoja. Nyumba hiyo bado ina jina lake, na sasa ni makumbusho ya sanaa ya enzi za ukoloni. Upande wake wa mbele umepambwa kwa nakshi za chokaa ambazo zenyewe tu zinatosha kumfanya mtu apande mlima. Baada ya hapo vikaja vita vya uhuru, migodi ikafurika maji, wenye mitaji wakatawanyika, na kwa zaidi ya karne moja Taxco ulisinzia. Huenda ni usingizi huo uliouokoa. Hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa nyumba za zamani ili ajenge mpya.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 barabara ya magari ya kwenda Acapulco ilipita hapa, na kwa barabara hiyo akaja William Spratling. Alikuwa Mmarekani aliyefundisha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans. Mwaka 1929 alihamia Taxco, akijipatia riziki kwa kuandika na kuchora. Alikuwa rafiki wa mchoraji Diego Rivera. Mwaka 1931 alifungua karakana aliyoiita Las Delicias, akawaleta mafundi wa dhahabu kutoka Iguala, mji wa jirani, na kuwachukua vijana wa Taxco wajifunze chini yao.

Nafasi yake katika historia ya mji ni kubwa, na inafaa kuelezwa kwa usahihi. Spratling hakuwafundisha Wamexico kufua madini. Walijua karne nyingi kabla babu zake hawajavuka bahari. Alichofanya ni kugeuza macho yao nyumbani. Badala ya kuiga mapambo ya Ulaya, alichora kwa kufuata mihuri ya udongo na michongo ya kale ya Mexico, jaguar, nyoka, ndege, jua, akachanganya fedha na mawe ya zambarau, feruzi na mbao ngumu za nchi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipokata bidhaa za Ulaya, maduka makubwa ya Marekani yaligeukia Taxco, na karakana ikawa na mamia ya wafanyakazi. Baada ya vita kampuni ilianguka. Lakini hapo ndipo jambo la maana lilipotokea: waliokuwa wanafunzi wake, ndugu wa ukoo wa Castillo, Antonio Pineda na wengine, walikuwa tayari na karakana zao, alama zao na mitindo yao. Mwalimu angeweza kuondoka na kazi isisimame. Aliondoka kweli mwaka 1967, kwa ajali ya gari si mbali na mji, na kazi haikusimama.

Leo fedha inayofuliwa Taxco hununuliwa nje ya mji. Hilo si tatizo katika nchi inayoongoza duniani kwa kuchimba fedha. Inakuja ikiwa punje au vipande, na safari yake ndani ya karakana nilipata bahati ya kuifuatilia katika nyumba moja juu ya kilima, chumba kimoja chenye dirisha dogo, baba na watoto wake wawili wa kiume wakifanya kazi.

Fedha tupu ni laini mno, hivyo katika kila sehemu 1,000 huwekwa 925 za fedha na zinazobaki kwa kawaida huwa shaba. Zinayeyushwa pamoja kwenye kibakuli cha udongo wa moto, kwa mwali unaovuma. Kijana mkubwa alitazama rangi, si saa, akamimina. Kipande kilipopoa kikapitishwa kwenye mashine ya kubana yenye mpini wa kuzungusha, tena na tena, hadi kikawa bamba jembamba. Baba akachora juu yake kwa sindano, akakata kwa msumeno wenye uzi mwembamba kama unywele, kipande kimebanwa kwenye kigingi cha mbao mbele ya kifua chake. Chini ya kigingi kuna ngozi iliyotandazwa mapajani kukamata vumbi, maana vumbi hilo nalo ni fedha na litayeyushwa tena. Vipande vikaunganishwa kwa moto, vikatumbukizwa kwenye asidi vikatoka vyeupe kama chokaa, vikapigwa tupa, msasa, na mwisho brashi ya mashine. Katika saa nilizokaa hapo ilitoka jozi moja ya hereni. Hakuna aliyesema sana. Mdogo alikuwa akikosea pembe ya msumeno, baba akimgusa kiwiko bila kunyanyua macho.

Jozi ile itauzwa kwa uzito na muuzaji wa jumla, na ujira wa mikono iliyoitengeneza huwa sehemu ndogo ya bei ambayo mtalii atalipa uwanjani. Nasema wazi kwamba jambo hili linaniuma. Bidhaa zilizotolewa na mashine ughaibuni huingia sokoni na kupangwa meza moja na za hapa, na fundi mdogo analazimika kushindana na bei ambayo haiwezi kununua hata malighafi yake. Chumba chembamba kisicho na bomba la kutolea moshi kinamlipisha pia kwa mapafu. Mji unaojivunia fedha unadaiwa kwanza na hawa.

Nje ya karakana, Taxco una mambo yake ambayo hayauzwi kwa mgeni. Alhamisi ni siku ya pozole, supu ya mahindi makubwa na nyama, ambayo Guerrero huipenda ya kijani, yenye mbegu za maboga. Jumatatu ya kwanza baada ya Sikukuu ya Wafu, watu hupanda kilima cha Huixteco kusherehekea jumile, mdudu mdogo wa msituni anayeliwa katika chapati ya mahindi, akiwa hai au akiwa amesagwa ndani ya mchuzi wa pilipili. Aliyelelewa kwa senene wa Bukoba hatashangaa, ila jumile ana ukali unaobaki ulimini, unaofanana na mdalasini uliochanganywa na dawa.

Halafu kuna Juma Kuu. Usiku, wanaume waliofunika nyuso kwa vitambaa vyeusi hutembea miguu mitupu juu ya mawe, mikono imetandazwa, mabegani wamefungwa mzigo mzito wa fito zenye miiba. Wengine hujipiga mgongo kwa kamba zenye misumari. Wanawake hutembea wameinama, minyororo vifundoni. Ni nadhiri, na nyuso hufunikwa ili asijulikane anayetubu. Sitasema kwamba ni jambo rahisi kulitazama. Nasema tu kwamba anayekwenda kupiga picha kwa taa kali usoni mwa watu hao amekosa adabu.

Msafiri anastahili pia kuambiwa kuhusu usalama. Guerrero ni jimbo lenye magenge, na Taxco haukusalimika. Januari 2024 madereva wa teksi na mabasi madogo walisimamisha usafiri baada ya wenzao kuuawa na vitisho kuenea, na mji ulikwama kwa siku kadhaa. Wanaoumia kwanza si watalii. Ni madereva wa vocho, wenye vibanda, masonara ambao mnunuzi akiogopa kuja, moto wao hauwashwi. Uliza hali ilivyo kabla ya kuondoka, safiri mchana, tumia basi la barabara kuu ya kulipia, na usizurure nje ya mji gizani.

Ukienda, lala angalau usiku mmoja. Wengi huja asubuhi na kurudi jioni, wakiondoka na picha ya kanisa na mkufu walionunua kwenye duka la kwanza. Panda hadi sanamu kubwa ya Kristo kwenye kilima cha Atachi uone mji wote chini yako. Ingia makumbusho ya Spratling, nyuma ya Santa Prisca. Kisha tafuta karakana yenyewe, hata kama ni kupanda ngazi hadi upumue kwa mdomo.

Unaponunua, geuza kipande upande wa nyuma utafute chapa ya 925. Isipokuwapo, uliza. Wauzaji wengine huuza alpaca, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha hata kidogo. Wapo wanaosema kweli kuhusu hilo na wapo wanaonyamaza. Pima uzito mkononi, tazama maungio kama yamelainishwa, na muulize mwenye meza nani aliitengeneza. Akikujibu kwamba ni yeye, au mumewe, au binti yake aliyeketi pale nyuma, ndugu msomaji, usimkamue bei. Mlipe anachostahili.